Ukungu Ukingoni mwa Jicho

Jumatatu, 4 Machi

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho nilikuandikia siku niliyokabidhi funguo za darasa, na tangu hapo miezi kumi na tisa imepita. Mwanafunzi aliyenyamaza muda wote huo bila barua ya mzazi ningemsimamisha nje. Sina udhuru ila huu: nilidhani nimekwisha kuona yote ya kuonwa, na mtu wa namna hiyo hana la kuandika.

Sasa nina kazi. Wiki tatu zilizopita mkurugenzi wa maabara moja aliniita nimsahihishie ripoti, kwa kuwa wateja walikuwa wakizirudisha wakisema hawaelewi zinasema nini. Maabara hiyo hupima kama sabuni, rangi, dawa za kusafishia na vitu vya aina hiyo vinawasha macho au kuyadhuru. Nimepewa meza karibu na mlango wa chumba cha kuoshea vyombo, na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kalamu nyekundu nilijinunulia mwenyewe.

Msimamizi wa vipimo ni mwanamke wa makamo wanayemwita Bi Saa, kwa sababu huvaa saa mbili, moja kila mkono, na huzungumza na watu huku akiitazama mojawapo. Leo nilimrudishia ripoti yenye makosa thelathini na moja. Alikuwa ameandika, "Hakuna ukungu ulioonekana kwenye konea." Mimi nilikuwa nimekata nikaandika, "Sabuni haina madhara."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akiweka karatasi mezani kwangu. "Hapa mimi sikuandika hivi."

"Marahaba. Uliandika kwa kuzunguka. Nimekunyooshea."

"Umeninyoosha mpaka umenivunja. Kama haina madhara, mimi sijui. Najua nilichokiona."

Nimekasirika kutwa nzima. Anatupa alama za mkato kama mtu anayelisha kuku, halafu ananifundisha kusema.

Jumanne, 5 Machi

Mawingu. Ripoti nne.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi Bi Saa alisimama mlangoni, akaitazama saa ya kushoto, akasema, "Mwalimu, una dakika tano uvae koti jeupe. Huwezi kusahihisha usichokijua."

Nilikwenda kwa ubishi tu. Ninaandika haya saa kumi na moja jioni.

Macho huletwa kutoka machinjio na mtu wa pikipiki aitwaye Barafu, aliyekwisha kupita miaka hamsini. Ni macho ya ng'ombe waliochinjwa alfajiri kwa ajili ya nyama. Yasipokuja hapa hutupwa. Huletwa ndani ya maji ya chumvi, katika sanduku lenye barafu, na lazima yafike kabla saa chache hazijapita. Nilitarajia kinyaa. Bi Saa aliinua jicho moja kwa koleo, akaligeuza mbele ya taa.

"Tazama hapo pembeni. Kuna mkwaruzo."

Sikuona kitu chochote.

"Hili halifai," akasema, akaliweka kando. Kati ya macho ishirini na manne alikataa tisa, na mimi sikuona dosari hata moja.

Kisha alikata konea, yaani ile ngozi angavu ya mbele ambayo mwanga huipita kwanza kabla ya kuingia ndani ya jicho. Haizidi upana wa kifuniko cha chupa. Aliibana katikati ya vishikio viwili vya plastiki vyenye tundu, akajaza kimiminika mbele na nyuma yake, ikasimama pale kama kioo cha dirisha dogo. Akaviweka vishikio ndani ya kabati lenye joto linalokaribia la mwili.

"Bado inafanya kazi," alisema.

"Nani?"

"Konea. Mwenyewe amekufa tangu alfajiri, lakini hii bado inazuia maji yasipenye. Ukiitunza, itazuia mpaka jioni."

Nilisogeza uso wangu karibu na mlango wa kabati. Kiumbe kilichokuwa na macho hayo kilikwisha kuwa nyama mabuchani, na bado kipande hiki kilikuwa kikishika zamu yake peke yake, bila kuambiwa.

Saa moja baadaye walianza. Konea tatu zilipewa maji ya chumvi tu. Hizo lazima zibaki safi, la sivyo jaribio zima halihesabiki. Tatu zilipewa dawa kali inayojulikana. Hizo lazima ziharibike. Tatu zilipewa kitu kinachopimwa. Dakika kumi kamili, Bi Saa akitazama saa zote mbili, kisha zikasuuzwa. Baadaye mwanga ulipitishwa katika kila konea kuona umezuiwa kiasi gani, na mwisho ikawekwa rangi ya manjano upande wa mbele, ili kujua ni kiasi gani kimepenya kwenda nyuma. Ile ya dawa kali iligeuka nyeupe mbele yangu, kama ute wa yai unapoguswa na mafuta ya moto. Ile ya maji ilibaki vilevile, na kupitia kwayo niliweza kuona mistari ya kiganja cha Bi Saa.

Nilimuuliza zamani walifanyaje.

"Sungura wazima," alisema. "Nilipoanza kazi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashika. Sungura hapigi kelele, Mwalimu. Afadhali wangepiga."

Nina miaka sitini na tisa. Maisha yangu yote nimetazama kwa kutumia kitu ambacho sikuwahi kukitazama.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Nimerudisha sentensi ya Bi Saa kama alivyoiandika.

Jumatano, 13 Machi

Binti yangu, ambaye ninakaa kwake katika chumba cha uani, ana karakana ya sabuni: vyumba viwili, mapipa sita na wanawake watano. Hutengeneza sabuni ya maji ya kuogeshea watoto. Aliianza kwa ajili ya mjukuu wangu, aliyekuwa akilia wakati wa kuoga hadi majirani wanaulizana kuna nini. Kwa sabuni hii halii. Sasa kuna duka kubwa lenye matawi mengi linalotaka kuiuza kote, kwa sharti kwamba kabla ya katikati ya Mei alete cheti cha maabara kuwa haidhuru macho. Akikipata, karakana itasimama imara. Akikikosa, watamchukua mtengenezaji mwingine anayengoja mlangoni.

"Mama, si mko nayo hapo mashine ya macho?" aliniuliza jana tukikunja nguo.

"Si mashine. Na mimi nasahihisha ripoti tu."

"Si ndiyo vizuri. Ukiliona neno baya, unalifuta."

Nilimtazama.

"Natania, jamani. Mama nawe, utani haukupandi kabisa."

Leo ameleta sampuli mapokezi, ikapewa namba hamsini na mbili. Wanaopima huona namba tu. Ilinipasa kwenda kwa mkurugenzi na kumwambia kuwa hamsini na mbili ni ya mwanangu. Nilijiambia kuwa asahihishaye alama za mkato hapimi kitu. Hoja hiyo ilinitosha mpaka saa saba mchana, kisha nikatafuta nyingine.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua tangu Ijumaa. Barafu alifika amelowa mpaka ndani ya soksi.

"Leo nimebeba macho ishirini na manne," alisema, "na hakuna hata moja lililonionyesha shimo liko wapi."

Nimecheka. Ninaliandika hapa kwa sababu ni jambo lisilotokea mara nyingi.

Jumatano, 20 Machi

Mwoshaji wa vyombo haji; nyumba yake imeingia maji. Nimejitolea kuosha vishikio wakati sina ripoti. Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema: maji ya moto, kisha maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, mara tatu. Haitaji sabuni. Nilidhani aliyeiandika alisahau, kama anavyosahau mengine. Nilikuwa na chupa ya sabuni ya binti yangu mkobani, ile ya kunawia. Vishikio vilitoka vikimeta. Bi Saa alikiinua kimoja mbele ya dirisha akasema hajawahi kuviona hivyo.

Nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Jumanne, 26 Machi

Leo imepimwa hamsini na mbili. Jaribio halikuhesabika: hata konea za maji ya chumvi zimeingia ukungu.

Alhamisi, 28 Machi

Wamerudia. Vilevile. Bi Saa hakula mchana. Alikaa na kalamu akihesabu saa na dakika za kila sanduku tangu mwezi uanze.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Nimeosha vishikio mara mbili zaidi ya kawaida ili nisaidie.

Jumanne, 2 Aprili

Mara ya tatu, yaleyale. Mkurugenzi aliwaita wote. Barabara ya machinjio imekatika mahali pawili, na Barafu huzunguka kwa njia ndefu. Mkurugenzi alisema macho yanachoka njiani, na kwamba ifikapo Ijumaa atatafuta mchukuzi mwenye gari.

"Mzee, nimefika ndani ya muda," Barafu alisema. "Muulize Bi Saa. Saa anazo mbili."

"Ni kweli yuko ndani ya muda," Bi Saa alisema. "Lakini sina sababu nyingine."

Barafu aliinua sanduku lake tupu, akatoka bila mzaha wowote. Mtu huyu nilimhesabu kuwa mpiga soga. Kumbe katika wiki nne za mvua hajakosa hata siku moja.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiharakisha nitajipendelea.

Saa nne asubuhi Bi Saa aliniita nisome maelezo ya konea zilizoharibika, aone kama yanaeleweka. Alikuwa ameandika: "Ukungu uko pembezoni, kwa umbo la duara, katikati ni safi." Nilimwambia sentensi ni nzuri. Kisha nikamwomba anionyeshe.

Aliiweka konea mbele ya taa. Sikuwa tena yule wa tarehe saba Machi. Nimejifunza kidogo kutazama. Katikati ilikuwa angavu. Ukingoni, mahali hasa panapobanwa na kishikio, palikuwa na duara jembamba, jeupe, lililokamilika kama lililochorwa kwa bikari. Macho yaliyochoka njiani yangeingia ukungu mpaka katikati. Haya yaliguswa na kitu pale tu yalipogusana na kishikio.

Nilitazama chupa ya sabuni iliyokuwa kando ya beseni la kuoshea. Maji yalinifika shingoni.

Lakini si uoga tu. Ninataka kuliandika hili sawasawa. Sabuni ile nilikuwa nimeisuuza mara tatu kama karatasi inavyosema. Kilichobaki hakikuonekana kwa macho wala kuhisika kwa vidole. Bi Saa mwenyewe hakukiona mbele ya dirisha. Konea ilikiona. Kipande hicho cha uhai, kisicho na mwenyewe, kilitambua kosa langu, kikaonyesha na mahali lilipo. Nimesahihisha watu miaka thelathini na minane, na sijawahi kusahihishwa kwa uangalifu namna ile.

Kisha wazo la pili likanijia. Ikiwa mabaki yasiyoonekana yanatosha kutia ukungu, sabuni ya binti yangu ni kitu gani?

Ningeweza kuitupa chupa. Vishikio vingesafika, Barafu angeondoka Ijumaa, na wangesema: mnaona, alikuwa yeye. Niliyafikiria hayo kwa urefu wa ukumbi mzima, kutoka chumba cha vipimo hadi mlango wa mkurugenzi. Ni hatua thelathini na mbili.

Mkurugenzi alinisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu.

"Karatasi ukutani inasema maji tu," alisema.

"Nilidhani ina upungufu. Nikaikamilisha."

"Na sabuni ni ya wapi?"

"Ya binti yangu. Na hamsini na mbili ni yake pia."

Aliifunika kalamu. "La kuosha nitalisahau, Mwalimu. La kunyamaza ndilo litakaloingia kwenye faili lako."

Nimeondolewa chumba cha kuoshea, na sitasoma wala kugusa chochote chenye namba hamsini na mbili. Vishikio vyote vitachemshwa na kulowekwa upya, na jaribio litarudiwa. Ni haki.

Bi Saa alikuwa akingoja nje. Nilidhani atanikaripia.

"Wiki nzima nimehangaika na barabara," alisema. "Kumbe jibu lilikuwa limechorwa na mimi nimeliandika bila kulisoma." Akaitazama saa ya kulia. "Ila usiniguse vyombo tena."

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimngoja Barafu getini chini ya mwavuli.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mwalimu aniombe radhi? Ngoja nikae." Alikaa juu ya sanduku lake. "Haya, nimekaa."

Nilimweleza yote.

"Mimi nimeambiwa nimeyapika macho juani, mara nimeyagandisha. Mke wangu ameshaanza kuniangalia kama mtu wa kukaa nyumbani. Kumbe sabuni."

"Sabuni yangu."

"Basi itakuwa inang'arisha kweli hiyo." Akasita, akafuta maji usoni. "Ungenyamaza tu, mimi ningeenda zangu. Nani angejua?"

Nilimsogezea mwavuli. Tulikaa tukiitazama mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Binti yangu hasemi nami. Jana nilipomaliza kumwambia, alizima jiko, akasema, "Mama, mtoto halii. Siku mia tatu namwogesha, halii. Ushahidi gani tena unautaka wewe?"

Nilimuuliza Bi Saa leo asubuhi. Alisema kulia kunatokana na maumivu, na wao hawapimi maumivu. Kuna vitu vinavyouma na havidhuru, na kuna vinavyodhuru pasipo kuuma sana.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Kimya nyumbani.

Alhamisi, 11 Aprili

Machinjio yamefungwa kwa sababu ya mafuriko. Hakuna macho.

Jumatano, 17 Aprili

Bado yamefungwa. Mjukuu wangu ameoga na kuimba bafuni. Nilisimama nje ya mlango nikasikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 23 Aprili

Barafu amefika kwa wakati, matope mpaka kiunoni, sanduku juu ya kichwa. Pikipiki ameiacha ng'ambo ya daraja.

Mteja anaruhusiwa kushuhudia sampuli yake ikipimwa. Binti yangu alikuja. Mimi nilikaa kwenye kiti changu chenye mguu mfupi, nikimwona kupitia kioo cha mlango wa chumba cha vipimo. Alikuwa amevaa koti jeupe linalomzidi. Mwanzoni alikunja mikono kifuani kama mtu aliyekuja kugombana. Bi Saa alipokuwa akichagua macho mbele ya taa, aliikunjua. Konea zilipoingia kabatini, alisogea, akasogea tena, mpaka pumzi yake ikaacha alama kwenye mlango wa kabati, Bi Saa akamfutia kwa kitambaa.

Saa tisa walimaliza. Konea za maji ya chumvi zilibaki safi, bila duara. Za dawa kali ziliharibika. Jaribio limehesabika.

Hamsini na mbili imepata kumi na moja nukta nne.

Bi Saa alimweleza, na binti yangu akanieleza njiani, maneno ya kwanza kuniambia tangu Ijumaa ile ukiacha salamu. Matokeo yasipozidi tatu, kitu hakihitaji onyo. Yakizidi hamsini na tano, kinadhuru macho vibaya. Yakiwa katikati, jaribio lenyewe linasema haliwezi kuamua, na mtu lazima atafute njia nyingine ya kupima au abadilishe kitu chake.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Darasani kulikuwa na alama ya sahihi na alama ya kosa, na aliyeandika "sijui" nilimwekea kosa. Hawa wamejenga kipimo kwa miaka, kwa makini namna hii, na ndani yake wakaacha nafasi pana ya kusema hatujui, nacho kinasema bila haya.

"Wameniweka zote mbili kwenye mwanga," binti yangu alisema tulipokuwa tukiruka dimbwi. "Ya maji na ya kwangu. Yangu ni kama kioo ulichokipulizia pumzi, Mama. Kidogo tu hivi. Ungeweza usiione."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua imepungua. Karatasi ya duka imefika. Wamesikia kwamba cheti hakitatoka, na hawataki kupoteza msimu. Wako tayari kuendelea ikiwa binti yangu atatia sahihi kwa jina lake mwenyewe kwamba sabuni ni salama kwa macho ya watoto. Njia nyingine ni kupunguza kile kinachotoa povu, kuanza sampuli mpya, na kulikosa duka.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimkuta karakanani peke yake. Wanawake watano walikuwa wamekwisha kuondoka. Aprona zao zilining'inia kwenye misumari. Alikuwa ameketi juu ya pipa lililogeuzwa, karatasi ya duka ikiwa mbele yake juu ya kreti.

"Tusipopata hili duka, wawili itabidi niwaambie wasije," alisema. "Nimeshajua ni nani. Ndiyo mbaya zaidi, kwamba nimeshajua."

Nilikaa juu ya pipa jingine.

"Na inaweza kuwa salama kabisa. Hata wao hawakusema inadhuru. Walisema hawajui."

"Ndivyo walivyosema."

"Nami karatasi inanitaka niseme najua." Aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kwamba kuna kitu kingine kimeandikwa huko. "Ungekuwa wewe, Mama, ungefanyaje?"

Nimeulizwa maswali maelfu katika maisha yangu, na sikuwahi kuchelewa kujibu. Nilifungua mdomo. Niliona uso wake, macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi, weupe wake na weusi wake, na mbele ya vyote kile kioo kisichoonekana ambacho sasa siwezi tena kutokukiona. Kiliniakisi mimi, mdogo sana, nimeketi juu ya pipa. Mwanamke huyu anaona kwa macho yake mwenyewe. Mdomo niliufunga.

"Karakana ni yako," nilisema. "Na wewe umeiona konea. Duka halijaiona."

Alitikisa kichwa polepole, bila kunikubalia wala kunikatalia. Amesema mjumbe wa duka atakuja Jumatatu saa nne, naye atamkuta ameshaamua. Hataki mtu amsemeshe kabla ya hapo.

Nami sitamsemesha. Hata hapa sitakisia, kwa kuwa nimefundishwa kuandika kilichoonekana tu. Mjumbe akishaondoka na karatasi yake, iwe imetiwa sahihi au haikutiwa, nitakaa kwenye meza hii na kuliandika alilolichagua, neno kwa neno kama atakavyolisema.